MEZA YA MWALIMU: Siku Kumi na Moja za Jangwani

Ndugu msomaji, miongoni mwa barua zilizofika mezani pangu mwezi huu imo moja iliyoandikwa kwa penseli, katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu. Aliyeiandika ni mama akaaye katika nyumba za askari pale Makenke, nje kidogo ya mji wa Mbarara, kwenye barabara iendayo Masaka. Anaeleza kwamba Jumapili moja, baada ya ibada, mwanawe aliye mwaka wa pili wa sekondari alirudi nyumbani, akafungua atlasi ya shule, akalaza rula juu ya ramani ya Misri. Akapima kutoka nchi ya Gosheni, upande wa mashariki wa midomo ya mto Nili, hadi mji wa Yeriko. Kisha akafunua ukurasa wa Uganda, akapima kutoka Mbarara hadi Gulu. Akamwambia mama yake kwamba masafa hayo mawili yanakaribia kuwa sawa. "Basi la abiria," akasema, "hutoka hapa alfajiri likafika Gulu kabla watu hawajalala. Hawa Waisraeli walitembeaje miaka arobaini? Je, walipotea njia?"

Mama alimpelekea baba mtoto swali hilo. Baba mtoto, ambaye ni sajini na hana siku nyingi tangu arudi kutoka Somalia, alicheka akasema kuwa swali la namna hiyo haulizwi askari wa miguu, huulizwa afisa aliyeshika ramani. Ndipo wakaniandikia mimi. Mama naye akaongeza swali lake mwenyewe chini ya karatasi: watu wale walikula nini, na akina mama walifanyaje na watoto wachanga?

Kwanza kabisa nampongeza kijana. Wengi hupima kurasa mbili za atlasi kwa rula moja wakasahau kwamba kila ukurasa una skeli yake, yeye hakusahau. Nimepima mwenyewe kwa mkono wangu, na kweli, kwa mstari ulionyoka, pande zote mbili ni yapata kilometa 400. Hesabu yake haina kosa.

Wala Maandiko yenyewe hayamkanushi. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mwanzoni kabisa, kinataja kwamba kutoka mlima Horebu mpaka Kadeshi-Barnea ni mwendo wa siku kumi na moja. Siku kumi na moja tu! Hivyo kijana wa Makenke ameona kwa rula jambo ambalo mwandishi wa zamani alikwisha kulisema waziwazi, ila sisi tuliokaa kwenye mabenchi tulisinzia mahali hapo.

Basi nitaieleza njia hiyo kadiri niwezavyo. Ila sina budi kukiri kwamba mimi sijakanyaga Sinai. Ninayo ramani, ninavyo vitabu, na nilifundishwa chuoni jinsi ya kuvisoma. Lakini ramani haina kiu. Kwa sababu hiyo, nilipokwisha kuyapanga niliyoyasoma, niliichukua ramani yangu hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa mtu aliyepita huko kwa mwili wake. Habari zake zitafuata. Tuanze na ramani.

Rasi ya Sinai ina umbo la pembetatu iliyosimama juu ya ncha yake, na pande zake mbili zimeshikwa na mikono ya bahari ile ambayo Biblia yetu ya Kiswahili huiita Bahari ya Shamu. Mtu atokaye Misri kwenda Kanaani ana njia ya mkato, nayo ni ya pwani, kaskazini kabisa, kupitia Al-Arish hadi Gaza. Njia hiyo ndiyo fupi na ndiyo tambarare. Kwa nini basi hawakuipita? Kitabu cha Kutoka kinajibu kwamba waliepushwa nayo ili wasione vita wakarudi Misri. Askari atalifahamu neno hilo upesi kuliko mwalimu. Njia ya pwani ilikuwa barabara ya jeshi la Farao, yenye ngome moja baada ya nyingine na kisima katika kila ngome. Mpaka leo picha za ngome hizo zimechorwa katika ukuta wa hekalu la Karnak, zikionyesha vita vya Farao Seti wa Kwanza. Kuwapitisha hapo watu waliotoka utumwani jana, pamoja na wazee, mbuzi na watoto, ni kuwapeleka mikononi mwa kambi za adui.

Njia hiyohiyo imepitwa na majeshi mengi tangu hapo. Napoleon aliipita mwaka 1799. Waingereza waliipita katika vita ya kwanza ya dunia, miaka ya 1916 na 1917, na hawakuthubutu kusonga mbele mpaka walipojenga reli, na kando ya reli bomba la maji kutoka upande wa Mfereji wa Suez. Maji waliyoyasukuma katika bomba hilo yalikuwa ya mto Nili. Hapa naomba ruhusa ya kusimama kidogo. Mto wetu Rwizi, unaopita Mbarara, huteremka hadi kwenye maziwa ya Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola, na yanayosalia hufika Ziwa Viktoria. Na Ziwa Viktoria hutokea Jinja kuwa Nili. Najua kwamba sehemu kubwa ya maji ya Misri hutoka katika milima ya Ethiopia, wala sitaki kumdanganya mtu. Lakini si jambo lisilowezekana kwamba tone lililopita chini ya daraja la Rwizi lilinywewa na askari katika mchanga wa Sinai. Hata mafunjo yanayoota ukingoni mwa ziwa Nakivale ni ya jamii ileile ya mafunjo ya Misri, ambayo mama yake Musa alisukia kisafina chake.

Njia ya pili ni ya kusini, nayo ndiyo ipitwayo leo na mahujaji. Basi lao hutoka Kairo, likafika Suez baada ya kilometa kama 130, likaingia katika handaki lililochimbwa chini ya mfereji na kuitwa kwa jina la Ahmed Hamdi, mhandisi wa jeshi la Misri aliyeuawa katika vita ya mwaka 1973. Likitokeza upande wa pili, limekwisha kutoka Afrika na kuingia Asia. Hapo karibu ziko chemchemi ziitwazo Ayun Musa, yaani chemchemi za Musa. Kisha barabara hufuata pwani, bahari mkono wa kulia, mawe mkono wa kushoto. Mahali fulani katika sehemu hii ndipo panaposimuliwa habari za Mara, ambapo maji yalikuwa machungu, na za Elimu, ambapo palikuwa na chemchemi kumi na mbili na mitende sabini. Msomaji aliyezaliwa Isingiro, kwenye migomba isiyokwisha, huenda akashangaa kwamba mtu alijisumbua kuihesabu mitende sabini na kuiandika. Asishangae. Katika nchi ile, miti sabini ni habari ya kusimuliwa kwa wajukuu.

Baadaye basi hukata kushoto na kuingia milimani, likapita bonde la Feiran lenye mitende mingi, na mwisho hufika kwenye nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katerina, iliyojengwa kwa amri ya Kaisari Justiniani katika karne ya sita. Juu yake umesimama mlima ambao Wakristo tangu zamani, na Waislamu pia, wameuita mlima wa Musa, wenye kimo cha meta 2,285. Watu huupanda usiku ili wafike kileleni jua linapochomoza, na wengi hujuta kwa kuacha makoti, maana katika majira ya baridi maji huganda huko. Jambo moja lililonipendeza ni kwamba ndani ya kuta za watawa hao Wakristo umo msikiti mdogo wa zamani sana, na watawa huhifadhi nakala ya hati ya ulinzi ambayo husemwa walipewa na Mtume Muhammad. Musa, Ndugu msomaji, ndiye nabii anayetajwa mara nyingi kuliko wote katika Kurani. Na habari ya miaka arobaini imo pia humo. Swali la kijana wa Makenke lingeweza kutoka katika nyumba yoyote ya kambi ile, iwe hujenga mazoea ya Ijumaa au ya Jumapili.

Ni haki niseme pia kwamba wachimbaji wa mambo ya kale wameitafuta kambi ya Waisraeli katika Sinai kwa miaka mingi wala hawajapata mabaki yake ya wakati ule. Na hata kuhusu mlima wenyewe wataalamu hawajapatana ni upi. Kila mmoja ataamini kwa kadiri ya imani yake. Jangwa, kwa vyovyote, lipo.

Sasa nije kwenye hesabu ambayo mama wa nyumbani ataielewa kuliko profesa. Mbarara hupata mvua ya karibu milimita 900 kwa mwaka, nasi hulalamika. Sinai ya ndani haifikishi hata 100. Tuseme familia ya watu sita inaondoka nyumbani Makenke kwenda kutembea katika nchi ya namna hiyo. Kila mtu, kwa kunywa na kupikia tu, bila kuoga wala kufua, tumpe lita tano kwa siku. Hizo ni lita 30 kwa siku. Kwa siku kumi na moja ni lita 330, yaani jerikani kumi na saba za lita 20. Ngamia mwenye nguvu atabeba jerikani nane na asafiri. Kwa hiyo familia moja yahitaji ngamia wawili kwa maji peke yake, na jerikani ya kumi na saba ataibeba baba kichwani! Ongeza mbuzi wanaohitaji kunywa, ongeza ngamia wenyewe. Ndiyo maana hakuna mtu apitaye jangwa kwa mstari wa rula. Hupita toka kisima hadi kisima, na kisima kikikauka hugeuka. Kitabu cha Hesabu, sura ya 33, kinavitaja vituo vyao kimoja kimoja, vipatavyo arobaini, na ukivisoma bila kujua maji huviona ni majina matupu.

Kuhusu chakula, mama aliuliza. Watu wa jangwani hadi leo hukanda unga kwa maji na chumvi bila chachu, wakaufukia katika majivu ya moto na mchanga, wakaufukua ukiwa mkate. Upo pia mti mdogo wa huko ambao wadudu wafyonzao utomvu wake hudondosha matone meupe, matamu kama asali; Wabedui huyaokota asubuhi kabla jua halijayayeyusha, na wako wasomi wanaodhani kwamba hiyo ndiyo mana. Wengine hukataa, wakisema matone yale hayatoshi kulisha kijiji, seuze taifa. Kware nao si hadithi: kila mwaka makundi ya ndege hao huvuka bahari kutoka Ulaya na kutua pwani ya Sinai wakiwa wamechoka kabisa, hata watu huwakamata kwa nyavu.

Nikiwa na hesabu zangu hizi mfukoni, Jumamosi moja nilipita Makenke kumchukua yule sajini, aliyekuwa likizoni na aliyesema anataka kusikia majibu kabla hayajachapwa gazetini. Tukashika njia ya Isingiro, vumbi nyuma yetu, ng'ombe wa pembe ndefu mbele yetu. Nakivale ni makazi ya tangu mwaka 1958, yalipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka mataifa mengi: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Ukishuka sokoni utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Mogadishu katika hatua kumi. Mtu tuliyemfuata ni Mweritrea. Ana kibanda cha kuuza kahawa, na kahawa huikaanga mbele ya mteja, moshi wake ukampitia puani kwanza, ndipo aitwange. Jina lake sitalitaja.

Nilitandaza ramani juu ya meza yake na kuanza kumwonyesha Kairo, Suez na handaki. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, hii ni njia ya watu wenye pasi," akapeleka kidole chake mbali upande wa kusini, nje kabisa ya Misri, akakiweka Kassala, mashariki mwa Sudani.

Kwao Eritrea alikuwa askari. Sheria ya huko ya mwaka 1995 inataka kila kijana alitumikie taifa kwa miezi kumi na minane. Baada ya vita na Ethiopia iliyoanza mwaka 1998, miezi hiyo iliacha kuwa na mwisho. Yeye aliingia mwaka 2004. Mwaka 2011 alikuwa bado amevaa magwanda, na usiku mmoja akatembea hadi mpakani.

Nilimwona sajini ameweka kikombe chini. "Ulikuwa zamu?" akamwuliza.

"La, Afande. Nilikuwa na ruhusa ya siku mbili."

"Lakini uliliacha jeshi."

"Wewe unayo tarehe ya kustaafu?" akauliza yule.

"Ninayo."

"Mimi sikuwa nayo."

Sajini hakujibu. Sitadai kwamba alikubaliana naye. Katika kazi yake kuna neno moja tu kwa kitendo hicho, na neno lenyewe ni zito. Alitazama nje kwa muda, kisha akauliza juu ya maji. Tangu hapo mazungumzo yalikuwa yao wawili, mimi nikawa mwandishi.

Walimtoa Kassala watu waliomwahidi kazi, na baada ya siku chache alitambua kwamba ameuzwa. Walipakiwa katika pikapu, watu zaidi ya ishirini, wakafunikwa turubai, wakapita jangwa la Sudani na kuingia Misri. Maji yalikuwa katika jerikani zilizokuwa za petroli, na yalinuka petroli. Kila mtu alipata kizibo kimoja cha chupa asubuhi na kimoja jioni. Sajini akatikisa kichwa. Huko Somalia, ambako jeshi la Uganda limekuwapo tangu Machi mwaka 1007 — samahani, mkono umeteleza: 2007 — wao huletewa maji ya chupa kwa magari ya deraya, na bado mtu hupasuka midomo. Katika pikapu ile, akaendelea Mweritrea, alikuwamo mama mwenye mtoto wa miezi saba. Maziwa yalikuwa yamekauka. Alikuwa akikitia kizibo chake kinywani mwake mwenyewe kwanza, yakae, yapate uvuguvugu, harufu ipungue, ndipo amdondoshee mtoto. Watu wawili wakaanza kumgawia vizibo vyao vya jioni. Mtoto alifika. Sasa ni kijana mkubwa, yuko Kanada, na hujibizana na mama yake kwa Kiingereza. Mama wa Makenke, hilo ndilo jibu pekee nililolipata kuhusu watoto wachanga, na sidhani kwamba vitabu vyangu vina jibu lililo bora.

Walivushwa Mfereji wa Suez usiku, wamefichwa ndani ya lori la shehena. Katika Sinai ya kaskazini, upande wa Al-Arish, alifungiwa ndani ya nyumba miezi minne. Walanguzi wa watu katika miaka hiyo waliwateka Waeritrea wengi mahali hapo, wakawapigia jamaa zao simu huku mateka akipigwa ili kilio chake kisikike, na kudai fidia ya maelfu ya dola. Fidia yake ilichangwa na ndugu na waumini wa kanisa lao waliotawanyika Ulaya na Marekani. "Yusufu aliuzwa mara mbili," alituambia akimimina kahawa ya pili, "kwa wale wasafiri wa ngamia na kwa yule afisa wa Farao. Mimi niliuzwa mara tatu, na njia ni hiihii."

Fidia ilipolipwa walimpeleka karibu na mpaka, wakamwonyesha taa, wakamwambia akimbie. Askari wa Israeli waliomkuta walimpa maji kabla ya kumwuliza jina. Hilo alilirudia mara mbili, na mara ya pili alimtazama sajini. Wahamiaji wapatao 60,000, wengi wao Waeritrea na Wasudani, waliingia Israeli kwa njia hiyo katika miaka ile, hata serikali ya huko ikajenga uzio mrefu mpakani. Mwaka 2013 waliovuka walikuwa wachache mno. Yeye aliosha vyombo katika hoteli za Tel Aviv kwa miaka mitatu. Mwaka 2015 akaitwa kukaa katika kituo cha Holot, ndani ya jangwa la Negevi, kilichofunguliwa Desemba 2013 kwa ajili ya watu kama yeye na kufungwa Machi 2018. Mchana waliruhusiwa kutoka, lakini kwenda wapi, ikiwa pande zote ni jangwa? Kila siku waliitwa majina. Usiku milango ilifungwa. Alikaa humo miezi kumi na miwili.

Hapa nilitoa rula. Kadeshi-Barnea, mahali ambapo Waisraeli walikwama, wataalamu wengi hupataja kuwa ni kwenye chemchemi ya Ain el-Qudeirat, ndani kidogo ya mpaka wa Misri. Kutoka chemchemi hiyo hadi Holot, kwa rula yangu, ni kama kilometa 30. Na Kadeshi ndipo jibu la kijana lilipo. Kutoka hapo Musa alituma wapelelezi kumi na wawili kuichungulia Kanaani kwa siku arobaini. Waliporudi, kumi walisema kwamba wenyeji ni majitu na miji ina kuta. Wawili tu, Yoshua na Kalebu, walisema twende. Watu wakawaamini wale kumi, wakalia usiku kucha wakitamani kurudi Misri. Hukumu ikawa mwaka mmoja kwa kila siku ya upelelezi. Basi hawakupotea njia, mwanangu. Walifika mlangoni mapema, wakarudishwa mchangani mpaka kizazi kile kiishe.

Nilimweleza Mweritrea kwamba alilala mwaka mzima jirani na Kadeshi. Hakuwa na habari. Alifikiri kidogo akasema, "Lakini wao walikuwa na mahema yao wenyewe." Kisha akaeleza namna alivyotoka. Aliwekwa mbele ya karatasi mbili za kuchagua: kubaki kizuizini, au kupokea dola 3,500 na tiketi ya ndege. Alichagua tiketi. Ilimfikisha Kigali, na kutoka Kigali akaingia Uganda kwa barabara, akapita Mbarara gizani bila kujua ni mji gani. Kuhusu watu wa namna yake pamekuwa na maneno mengi katika magazeti ya nje, na mwaka 2018 serikali yetu ilikanusha hadharani kwamba ina mkataba wowote na Israeli wa kuwapokea. Mimi si msemaji wa mambo hayo. Ninaandika tu kwamba mtu huyo yuko Nakivale, kahawa yake ni nzuri, na anangoja majibu ya ofisi kuhusu hati zake kwa mwaka wa tatu sasa.

Tulipoinuka kuondoka aliishika ramani kwa ncha mbili. "Mlima uko wapi?" aliuliza. Nikamwonyesha chini, karibu na ncha ya pembetatu. Akatafuta Al-Arish juu kabisa. Akatutazama, kisha akatuambia kwamba usiku wa kwanza ndani ya Sinai aliona, kupitia tundu la turubai, mlima mweusi umesimama peke yake chini ya mwezi, na mtu mmoja katika pikapu alisema ndio ule wa Musa. Wote wakafanya ishara ya msalaba, hata na yule aliyekuwa Mwislamu alinyanyua mikono akaomba.

Rula ilikuwa mkononi mwangu. Kutoka Al-Arish hadi nyumba ya Mtakatifu Katerina ni kilometa 280 na zaidi, wala haiwezekani kwamba aliuona. Sajini alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini nimesomea ualimu, na uongo juu ya ramani hunishinda. Nikamwambia kwamba mlima wa watawa uko mbali sana na alikopita. Kisha nikamwambia na la pili, ambalo pia ni kweli: kwamba wasomi hawajapatana, kwamba wako wanaoutafuta mlima huo upande wa kaskazini, na kwamba Jabal Halal, kusini ya Al-Arish, ni mmojawapo wa milima iliyowahi kutajwa.

"Niwekee alama," akasema.

Nikaweka alama ya penseli mahali pote pawili, na ramani nikamwachia. Kijana wa Makenke, aliyetaka aione kabla hajarudi shule, atanivumilia mpaka mwisho wa mwezi nipate nyingine.